Mfupa wa Kwandu

Shemeji yangu Masalu alileta mfupa wangu wodini ndani ya mfuko wa rambo. Aliuweka juu ya kabati la kitanda, kando ya rozari yangu na kikombe cha uji, akajifuta mikono kwenye suruali kama mtu aliyemaliza kazi.

"Huu hapa," akasema. "Mwite daktari wako."

Niliujua kabla hajaufungua. Ulikuwa bado umezungushiwa tambara la shuka ambalo marehemu mume wangu Luhende alilichana kwa mikono yake, mwaka ule niliowekewa nyonga ya chuma. Kwetu kitu cha mwili hakiachwi kwa watu usiowajua. Kucha tunafukia, nywele tunafukia, na mtu akikatwa mguu, mguu unarudi nyumbani kuzikwa. Kwa hiyo madaktari walipotoa kile kichwa cha mfupa wa paja langu kilichokuwa kimesagika, wakaweka cha chuma, Luhende aliomba apewe cha zamani. Akasafiri nacho kwenye basi mpaka nyumbani, upande huu wa Bariadi, akakifukia ukingoni mwa zizi. Miaka ikapita, akafa, nasi tukamzika palepale karibu. Mfupa wangu ulimtangulia.

Chuma kilinibeba vizuri. Nililima pamba kwa mguu huo, nikasimama misa nzima bila kuegemea ukuta. Halafu kikaanza kulegea. Mguu ukafupika, kila hatua ikawa na mlio wake ndani, na mwishowe nikawa natembea na fimbo kama ng'ombe aliyeteguka. Ndipo nikarudi hospitali ileile ya misheni, na Masalu akanisindikiza, kwa sababu ndiye mkubwa wa ukoo sasa.

Daktari Kasmiri aliitundika picha ya eksirei dirishani. Alikuwa mtu wa taratibu, anayemwangalia mgonjwa usoni kabla ya kusema.

"Mama Eufrasia, ile saruji iliyoshika nyonga yako imekuwa ikisagika kidogo kidogo. Unga wake unauchokoza mwili, na mwili unapopigana na huo unga unakula mfupa wenyewe. Unaona hapa? Tundu linaloshika nyonga, kuta zake zimebaki nyembamba kama ganda la yai. Nikigongea nyonga mpya hapa, itazama ndani. Lazima kwanza tujaze mfupa."

"Mfupa wa kujaza unatoka wapi?"

"Kidogo tutachukua kwako, huku kiunoni. Lakini pengo ni kubwa. Mwingine utoke kwa mtu."

Masalu alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikwenda nyumbani kuchimba.

Sasa alikuwa amerudi, na sitamsema vibaya kwa hilo: uso wake ulikuwa wa mtu anayejivunia. Daktari alipofika, alichukua ule mfupa kwa mikono miwili, akaugeuza. Ulikuwa mwepesi kama gunzi. Mchwa walikuwa wamepita ndani, wakajenga, wakahama.

"Umefanya safari ndefu, mzee," daktari akasema. "Lakini huu hautafaa. Umekaa ardhini miaka mingi, na udongo umeumaliza. Nikiuweka ndani yake ataoza."

"Ni wake! Mtu anakataaje mfupa wake mwenyewe?"

"Hakatai yeye. Mfupa umekufa."

Masalu akaufunga upya kwenye tambara, taratibu, kama anafunga jeraha. Kisha akanigeukia. "Basi, shemeji, mambo yameisha. Twende nyumbani. Nitakujengea chumba nyuma ya nyumba yangu, utakaa na wajukuu, utapewa chakula. Shamba nitalilima mimi. Mwanamke hawezi kubeba mfupa wa mtu asiyejulikana katika boma letu. Ukifa tutazika nani?"

"Mtanizika mimi."

"Nusu yako."

"Basi mzike hiyo nusu. Lakini kwenye chumba chako sihamii."

Aliondoka na mfuko wake wa rambo. Nikashika rozari, lakini sikuweza kuanza, kwa maana kitanda cha pili kulikuwa na mtu anacheka.

Alikuwa Kwandu, mwanamke wa Migato, wa rika langu, mfugaji, mwenye shanga shingoni na hirizi mkononi ambayo masista walikuwa wameshindwa kumvua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo tulisema Kisukuma.

"Mayu," akaniambia, yaani mama, "mwenzio kesho wananitoa huo unaoutafuta. Nyonga yangu imesagika, siwezi tena kukaa kwenye kigoda kukamua. Asubuhi sista ameniuliza, mfupa wako unauacha au unaondoka nao? Anasema kuna watu wanaongezewa. Nikasema yupo mjinga gani wa kuongezewa mfupa wa mtu? Kumbe mjinga mwenyewe analala hapa!"

"Hata mimi sijakubali bado," nikasema.

"Kwani mimi nimekupa?"

Baadaye mwanawe Mahona akaingia, kijana mrefu mwenye shuka begani, na mama yake akamweleza. Mahona akakataa palepale. Alikuwa amekuja na tambara lake tayari, sawa na Luhende wangu miaka ile.

"Mama, mfupa wako ulale kwa watu wa kanisa?"

"Utalala ndani ya mtu, siyo ndani ya kanisa," Kwandu akamjibu. "Ukiubeba wewe utaliwa na mchwa. Umeuona ule wa mzee? Mimi nimechunga ng'ombe kwa mfupa huu tangu msichana. Nione unapewa mchwa?"

Lakini mimi pia nilikuwa na langu. Ninapokea Ekaristi. Mwili huu niliuweka wakfu, na sasa uingie mfupa wa mtu aliyevaa hirizi? Nilikesha na jambo hilo moyoni. Asubuhi nilimtazama Kwandu akigawa uji wake kwa mgonjwa aliyekosa ndugu, akimtukana huku akimnywesha: "Kunywa, domo kubwa wewe, unadhani uji unapanda wenyewe?" Nikajiambia, Mungu alipomtengeneza mwanamke wa kwanza alianza na mfupa wa mtu mwingine, na hakuomba ruhusa ya ukoo. Hirizi iko mkononi. Mfupa ni kazi ya Mungu peke yake.

Nikamwambia nimekubali, kama anatoa.

"Natoa, lakini siyo bure," akasema. "Ukitangulia kufa, nitakuja msibani kwako, nikae na wafiwa, siyo na majirani. Nikitangulia mimi, utakuja kwetu hivyohivyo. Na usinihubirie."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo!"

Daktari alitueleza wote wawili, na Mahona akisikiliza kwa kununa. Mfupa utapimwa, na Kwandu atapimwa damu, kwa sababu ya ule ugonjwa wa siku hizi. Utawekwa kwenye friji ya barafu kali. Baada ya nusu mwaka Kwandu atapimwa tena, na akiwa safi ndipo nitaitwa. Nikamwuliza ukishaingia unafanya nini. Akaniuliza, "Umewahi kushindilia sakafu ya nyumba mpya?" Nikamwambia nimeshindilia nyingi kuliko anavyodhani. Akasema ni kazi hiyohiyo. Mfupa unasagwa vipande vidogo, unajazwa kwenye pengo, unashindiliwa mpaka uwe mgumu kama sakafu, ndipo nyonga mpya inakaa juu yake. Kisha mwili wangu utaingia polepole kati ya vile vipande, na kadiri miaka inavyokwenda utajenga wake mahali pake.

"Kwa hiyo mwishoni utakuwa wake?" Kwandu akauliza.

"Sehemu kubwa, ndiyo."

"Mwizi huyu," Kwandu akasema, akanipiga begani.

Nikarudi nyumbani na magongo, kusubiri.

Maneno yalikuwa yamenitangulia. Ilikuwa miaka ile ambayo wanunuzi binafsi walishaingia kwenye pamba, kila kampuni na mizani yake, na watu walikusanyika kwenye vituo vya kuuzia kutwa nzima wakingoja. Mahali watu wanapongoja, maneno yanazaa. Kwanza nilisikia kwamba Mayu Eufrasia anaongezewa mfupa. Halafu ikawa mfupa wa maiti. Halafu ikawa anayo mifupa ndani ya nyumba, shemeji yake mwenyewe alionekana na mfuko.

Mimi ni mjane, naishi peke yangu, macho yangu ni mekundu kwa moshi wa jikoni kama ya bibi yeyote wa Usukuma. Sikuhitaji kuelezwa maneno ya namna hiyo yanaishia wapi. Nilishawahi kuwazika wanawake walioitwa wachawi wakakatwa kwa panga kwa sababu ya maneno madogo kuliko hayo, na msibani kila mtu alikuwa akitazama chini.

Binti yangu Salu, aliyeolewa Shishiyu, alikuja mbio. "Mama, nyamaza. Sema umeghairi. Nenda kakae kwa baba mdogo Masalu mpaka watu wasahau."

"Nikijificha ndipo watajua ninacho cha kuficha."

Jumapili, baada ya misa, nilimwomba katekista nafasi ya tangazo. Akadhani ni tangazo la jumuiya. Nikasimama mbele kwa magongo yangu.

"Mnaniona navyotembea," nikasema. "Mfupa wa nyonga yangu umelika. Nitawekewa wa mtu. Mtu huyo siyo maiti. Anaitwa Kwandu, wa Migato, yuko hai, anakunywa maziwa yake leo hii. Mwenye neno aende akamwulize. Akirudi, apite kwangu aniambie usoni. Mlango wangu unatazama barabara."

Kesho yake nilikwenda kituo cha pamba nikasema yaleyale, nimeegemea marobota, ili hata wasiosali wasikie. Masalu alikuwepo kwenye foleni, na aibu ilimpanda.

"Sikieni!" akapaza sauti. "Siku hizi kila kitu ruksa. Duka ruksa, pamba ruksa, mitumba ruksa. Sasa shemeji yangu ametuletea na mifupa ruksa!"

Watu wakacheka, mpaka karani wa mizani. Nilicheka na mimi, maana ilichekesha kweli. Kisha nikamwambia, "Shemeji, suruali uliyovaa ni ya mzungu ambaye hata jina lake hulijui. Mimi mwenye mfupa namjua kwa jina na kijiji."

Hapo walicheka zaidi, na hilo hakunisamehe.

Mvua za kwanza zilipokaribia, nikiwa kwenye kivuli cha nyumba nachambua choroko, nikasikia sauti ya mtu anaswaga ng'ombe upande wa shamba langu. Nikatazama. Masalu alikuwa amefunga jembe la kukokotwa, ameshaingia. Mstari wake wa kwanza ulikuwa umepita mpaka wa shamba langu kama vile mpaka haujawahi kuwepo.

Nilichukua magongo. Safari ile ya shambani ni fupi, lakini kila hatua nyonga ilikuwa inaning'inia ndani kama mlango uliong'oka bawaba. Nilifika anapogeuza. Nikatupa magongo, nikajishusha chini, nikakaa kwenye udongo mbele ya ng'ombe.

"Shemeji, toka!"

"Nimekaa kwangu."

"Utakanyagwa!"

"Ng'ombe hawa niliwalisha mimi wakiwa ndama. Waulize kama watanikanyaga."

Ng'ombe walisimama. Mmoja alininusa kichwani. Masalu akapiga mjeledi hewani, wakatingisha masikio tu. Wapita njia walianza kusimama.

"Shamba linataka miguu," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe huna. Nikuache ufe njaa, watu waseme Masalu alimtupa mke wa kaka yake?"

"Miguu nimeifuata hospitali. Wewe ndiye unaikataa."

Ndipo akasema maneno yake, mbele ya wale waliosimama: "Sawa. Ukirudi kutoka huko unatembea, jembe langu sitalileta tena. Lakini mfupa wa ukoo mwingine hautaingia boma la Luhende hivihivi. Nitamwita nfumu, akuoshe kwa dawa langoni. Usipooshwa, hulali humu."

Nfumu ni mganga wa jadi, na Masalu alijua ninavyokwepa dawa za namna hiyo. Alinirudishia shamba kwa mkono mmoja na kuninyang'anya nyumba kwa mkono mwingine.

"Geuza ng'ombe," nikamwambia.

Akageuza. Mimi nilibaki pale chini mpaka Salu akaja kuninyanyua, kwa sababu kusimama peke yangu sikuweza.

Hospitali waliponiita, nilipita kwanza kwa padri nikapakwa mafuta ya wagonjwa. Sitaeleza mengi ya chumba cha upasuaji. Walinichoma sindano ya mgongo, nikawa macho, na pazia la kijani mbele ya uso. Nilisikia chuma cha zamani kikitoka kwa shida. Kisha nikasikia nyundo. Siyo ya kuvunja, ya kushindilia: tup, tup, tup, wanaongeza, tup, tup. Niliijua kazi hiyo. Nilianza kuimba kimyakimya wimbo tunaoimbaga wanawake tunaposhindilia sakafu, na daktari nyuma ya pazia akauliza, "Nani anaimba?" Sista akasema, "Ni sakafu yenyewe."

Nilikatazwa kukanyagia mguu ule kwa muda mrefu, nikakatazwa kuinama, kukaa chini na kukunja miguu. Nilitii yote. Walipoona kwenye picha kwamba mfupa umeanza kushikana, wakaniruhusu kukanyaga kidogo, halafu zaidi, mpaka nikabaki na gongo moja. Siku ya kurudi ilipopangwa, nilimwambia Salu atume neno pamoja na tarehe hiyo kwa mfanyabiashara wa ng'ombe anayekwenda mnada wa Migato. Neno lenyewe lilikuwa fupi: Mayu Kwandu, wanataka kuuosha mfupa wako.

Gari lilinishusha barabarani. Nilitembea mwenyewe mpaka langoni, na nilitembea taratibu makusudi, ili waone.

Waliona. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti, Masalu katikati, na nfumu kando, mzee mkavu mwenye chungu cha dawa na mgwisho wa mkia wa ng'ombe. Beseni la maji lilikuwa limewekwa langoni penyewe.

"Mwadila, wazee," nikawasalimu. Wakaitikia.

"Umetembea," Masalu akasema, na kwa kweli macho yake yalikuwa kwenye mguu. "Shamba ni lako, nilisema. Sasa njoo uoshwe, uingie."

"Nimeoshwa mara moja, nikiwa binti, kwa maji na jina la Utatu. Hayajakauka."

"Basi huingii."

"Basi nitasimama." Nikasimama. Jua lilikuwa kali, na hakuna aliyethubutu kuniletea kiti, kwa sababu kiti ni mapokezi. Nikatoa rozari. Mafungu yakaenda. Mguu uliotangulia kuchoka ni ule mzima, siyo mpya.

Mkokoteni wa ng'ombe ulisikika kabla haujaonekana. Mahona alikuwa akiuswaga, uso umemvimba kwa kununa kama kawaida yake, na juu ya magunia ya pumba alikaa Kwandu, amenyoosha mguu wake mpya mbele kama bunduki.

"Mwadila mwenye mji!" akaita kwa sauti ya kukusanya mifugo. "Nishusheni. Nimekuja kuona mfupa wangu unalala wapi."

Masalu akasimama. Hilo hakulitegemea. Mgeni aliyefika langoni akataja mwenye mji hawezi kuachwa juani, na mgeni anayesema amekuja kwa ndugu yake huletewa kiti kabla hajaulizwa lolote. Hata Masalu hawezi kuvunja hilo mbele ya wazee. Viti viwili virefu vikaletwa, vikawekwa kivulini ndani ya lango, kwa maana Kwandu alisema wazi kwamba kigoda hataki, daktari amekataza, na kwamba ndugu yake naye amekatazwa vilevile.

Akakaa, nikakaa. Tulikuwa tumekaa ndani ya lango, lile beseni liko nyuma yetu.

"Sasa," Kwandu akasema. "Nasikia huu mfupa hauna ukoo. Ukoo wake ni mimi. Baba yangu alikuwa fulani, wa Migato, babu yangu fulani, ng'ombe zetu mnazijua. Nani anataka kuniosha?"

Akamgeukia nfumu. "Wewe?"

Yule mzee alimtazama, akaitazama hirizi yake mkononi, kisha akaanza kufunika chungu. "Mimi huoshea wafu," akasema. "Niliambiwa mfupa ni wa mfu. Huyu anakula chumvi kama mimi."

"Na huyu akifukuzwa hapa," Kwandu akaendelea, "nimefukuzwa mimi. Mahona!"

"Naam, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia," Mahona akasema, akamtazama Masalu bila haraka, mtu mrefu kwelikweli.

Mzee mmoja akakohoa, mwingine akasema alikuwa na ng'ombe wa kunywesha. Masalu alibaki amesimama. Nilimwonea huruma, lakini sikuinuka.

"Shemeji," nikasema, "kuna kitu changu uko nacho. Kwenye mfuko wa rambo."

Akaingia nyumbani kwake, akarudi nacho. Alikuwa amekitundika darini muda wote huo. Hakukitupa, nami nilijua hatakitupa. Nikamwonyesha mahali pale ukingoni mwa zizi, karibu na kaburi la Luhende. Shimo alilochimbua lilikuwa bado linaonekana.

"Kirudishe alipokiweka kaka yako."

"Si ni wako? Zika mwenyewe."

"Nimekatazwa kuinama," nikasema. "Chimba, shemeji."

Kwandu akacheka mpaka shanga zikalia. Masalu akatazama pande zote, hakuona wa kumsaidia. Akachukua jembe, akavua kofia yake kwa ajili ya kaka yake, akachimba.